Bibi Yangu Alivyoingizwa Kitabuni

Bibi yangu mzaa mama hakukataa kuhama serikali ilipoamuru watu waende vijiji vipya. Watu wanaosimulia habari zile husema alikataa, lakini mimi nilikuwepo, nilikuwa nimerudi nyumbani likizo. Alichosema ni kwamba mpunga wake haujakomaa, wamwache avune kwanza, kisha atakwenda huko kijijini kwa miguu yake mwenyewe. Wale mgambo walikuwa vijana wa kwetu, wengine bibi aliwapakata wakiwa wachanga. Wakamjibu kwamba lori halisubiri mpunga, wakapanda juu ya nyumba na kuanza kuezua nyasi za paa.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia jikoni, ambako sasa jua lilikuwa linapenya hadi sakafuni, akayang'oa mafiga yake matatu. Mama yake aliyapikia kabla yake. Akayabeba moja moja hadi kwenye lori na kuyapanga chini, karibu na gurudumu.

"Haya nayo," alisema.

Kijana mmoja akacheka. "Bibi, huko unakokwenda unadhani hakuna mawe?"

Wakampandisha bibi, mafiga wakayaacha. Mama yangu alitaka kushuka ayachukue lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara iendayo Majimoto. Tulionyeshwa kiwanja: vijiti vinne vimechomekwa ardhini, basi. Tuliambiwa mabati yanakuja, na bomba la maji linakuja. Kilichowahi kuja ni mvua. Bibi alikuwa analala chini ya kibanda cha miti kilichoezekwa kwa mabua, na mabua hayazuii mvua ya kwetu. Akaanza kukohoa. Mama alimpeleka zahanati ya misheni kule Mamba kwa baiskeli ya kuazima, bibi amefungwa kwa kanga kiunoni asianguke. Walimpa dawa akarudi, akafa mvua zikiwa bado hazijatulia. Tulimzika ukingoni mwa kiwanja chetu kwa sababu makaburi ya kijiji yalikuwa hayajapimwa. Mwaka uliofuata mama alipanda mahindi hadi karibu kabisa na kaburi, maana kiwanja kilikuwa kidogo na watu tulikuwa wengi. Mpunga wa bibi, kule tulikotoka, ulivunwa na ndege na nguruwe pori.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya kijiji hichohicho. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili. Watoto walikalia magogo. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nami nilisimama mbele nikakiinua juu ya kichwa, na walioketi nyuma walikariri walichokisikia kwa wenzao wa mbele. Nilipoona hivyo nikaanza kutengeneza zana zangu mwenyewe. Nilifinyanga herufi kwa udongo wa majaruba na kuzichoma kama vyungu. Nilikusanya vizibo vya soda kwa ajili ya kuhesabu. Nilichora wanyama kwenye mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Mkaguzi wa wilaya alipopita akazipenda, akaandika jina langu, na baada ya miezi kadhaa nikaitwa kwenda chuo kikuu, huko pwani, pamoja na walimu wa wilaya nyingine, tukajifunze kutunga vitabu vya watoto.

Mama alifurahi kuliko mimi. Alinikaangia karanga za njiani na kunisindikiza hadi kwenye lori la Mpanda. Wakati huo alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, anajua a, e, i, o, u na silabi chache. "Ukirudi utanikuta nasoma," aliniambia. Kutoka Mpanda nikapanda treni.

Chuo kile kilikuwa na maktaba ya elimu, na ndani yake kulikuwa na chumba kipya cha vitabu vya watoto na zana za kufundishia. Nilipoingia mara ya kwanza nilisimama mlangoni kwa muda. Kilinukia rangi na gundi. Rafu zilikuwa fupi ili mtoto azifikie. Kulikuwa na viti vidogo vyekundu na meza za kimo chao, ramani za kitambaa, vikaragosi, sanduku la herufi za mbao zilizopigwa msasa zikawa laini kama sabuni. Vitabu vingi vilitoka nje; watoto wamevaa mabuti wakitembea kwenye theluji, dubu amevaa koti. Vya Kiswahili vilikuwa rafu moja tu, nayo haikujaa. Hata hivyo kila kitabu kilikuwa kizima, kina jalada, kina kurasa zote.

Mkutubi wake alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza watoto huwa wanakuja lini.

"Watoto gani, mwalimu?"

"Wa kuvisoma hivi vitabu."

Alinitazama kama vile nimeuliza ng'ombe wanakuja lini. "Hivi ni vya walimu kujifunzia. Watoto hawaingii humu, wangevichafua."

"Na mimi nikitaka kuazima vichache, hata vile vilivyoanza kuchakaa, nikavipeleke kwetu?"

"Havitoki, dada yangu. Pole."

Katika muda wote niliokaa pale sikuona mtoto hata mmoja katika chumba kile. Vile viti vyekundu walivikalia wanachuo, magoti yakiwakaribia kidevu, wakiandika maelezo juu ya namna mtoto anavyojifunza kusoma. Mimi nilikuwa nakwenda huko kila jioni. Nilisoma rafu yote ya Kiswahili nikaimaliza, na hasira yangu ikawa inapanda pamoja na furaha yangu, nisijue ipi ni ipi.

Mhadhiri wetu alikuwa mtu wa heshima, hakuwahi kutugombeza. Alituambia kwamba idara inataka kutoa mfululizo mpya wa vitabu vya darasa la pili, hadithi zitoke vijijini kwenyewe, zisiwe tena za theluji na dubu. "Andikeni mnachokijua," alisema. "Mtoto wa Mpanda ajione kitabuni."

Neno hilo liliniingia. Nikaandika habari za bibi. Niliandika kwa sentensi fupi, maneno ambayo watoto wangu wangeyasoma: mpunga, paa, lori, mafiga, mvua. Sikumlaumu mtu. Niliandika tu kwamba bibi aliomba kuvuna akakataliwa, akaomba mafiga yake yakaachwa, na mvua ikanyesha, na bibi akafa, na mjukuu wake huwa anapita karibu na kaburi akienda shule. Nilipoisoma mbele ya wenzangu, mwalimu mmoja kutoka Kigoma aliinama akafuta macho kwa kiganja. Mhadhiri alikusanya karatasi zetu, na kesho yake akaniita ofisini.

"Umeandika vizuri," alisema. "Vizuri kuliko wote. Lugha yako inamfaa mtoto kabisa."

"Asante, mwalimu."

"Ila mwisho wake haufai."

"Ndivyo ulivyokuwa."

"Sibishi. Matatizo ya namna hiyo yalitokea sehemu fulani fulani, hata viongozi wanayajua. Lakini mtoto wa darasa la pili hatumfundishi kulia, tunamfundisha kujenga taifa. Hebu fikiria, bibi afike kijijini, apokelewe. Huwezi?"

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kama haifai, anirudishie karatasi zangu, nitaandika nyingine juu ya sungura. Akatabasamu.

"Kazi za semina ni mali ya idara, ndugu. Usiwe na wasiwasi. Jopo litairekebisha."

Sikujua jopo ni akina nani. Niliporudi nyumbani mama alikuwa kweli anasoma. Alinisomea jina lake kutoka kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wangu, herufi kwa herufi, huku ameikunja mikono yake ya jembe kama mtoto mbele ya ubao. Nilimwambia kwamba niliandika hadithi ya bibi kule chuoni. Akaniuliza, "Uliwaambia na habari ya mafiga?" Nikasema ndiyo. "Ni vizuri," alisema. "Wajue." Kwisha. Hakuniuliza tena na mimi sikumweleza maneno ya mhadhiri, maana nilidhani karatasi zangu zimetupwa kwenye kabati fulani na hakuna kitakachotokea.

Vitabu vilifika msimu wa palizi uliofuata. Shule yetu ilichaguliwa kuwa shule ya majaribio, kwa sababu mwalimu wake alikuwa amepita chuo kikuu. Lori la ushirika lilileta maboksi kutoka Mpanda, na mwalimu mkuu akayafungua uwanjani mbele ya shule nzima. Lazima niseme ukweli kwamba siku ile watoto walifurahi kama sikukuu. Vitabu vipya, kila watoto wawili kitabu kimoja. Walivinusa. Walivipitisha shavuni. Kulikuwa na mvulana aliyevua shati akakifungia kitabu ndani yake ili kisipate vumbi. Hao ndio watoto tulioambiwa wangechafua vitabu.

Mimi nilichukua kimoja, nikakuta bibi juu ya jalada. Alikuwa amenenepa. Amevaa kanga mpya, anacheka. Ndani, mpunga wake umekwisha kuvunwa na umejaa kwenye magunia. Vijana wa mgambo wanambebea mafiga kwa mikono miwili, wameinama kwa adabu, wanayapakia kwenye lori. Ukurasa wa mwisho kuna nyumba ya matofali yenye paa la bati, bomba linamwaga maji kwenye ndoo, na bibi amekaa mlangoni anawaambia wajukuu: "Kumbe nilichelewa kuhama."

Sentensi nyingine zilikuwa zangu, neno kwa neno. Hiyo haikuwa yangu. Nyuma waliandika kwamba kimetungwa na jopo la walimu.

Nilikipeleka kwa mwalimu mkuu ofisini, nikamfungulia ukurasa ule. Alikuwa mwenyeji wa Mamba, alimfahamu bibi, alisaidia kuchimba kaburi lake. Alisoma chote, akakifunga, akakiweka mezani na kiganja juu yake.

"Fundisha, mwalimu," alisema. "Watakuja kukagua."

"Na watoto wakiniuliza?"

"Wewe fundisha."

Nikafundisha. Watoto walisoma vizuri mno, maana maneno yalikuwa yao. Tulipofika ukurasa wa mwisho hakuna aliyesema ni uongo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtoto mmoja wa kike aliinua kidole akauliza, "Mwalimu, kijiji hiki kiko wapi?" Kabla sijajibu mwenzake akasema ni Kasokola, baba yake alishafika, kuna bomba. Mwingine akakataa, akasema Kasokola hakuna nyumba kama zile, labda huko mbele ya Mpanda. Wakabishana. Waliamini nyumba zile zipo mahali fulani, ila sisi tulikosea njia, au tuliposhushwa kwenye lori tulishushwa kijiji ambacho si chenyewe. Yule wa kike akasema akikua atahamia huko na mama yake. Nikawaambia watoke nje wakacheze, na kengele ilikuwa haijalia.

Darasa la kisomo, ambalo mwalimu mkuu alilifundisha mwenyewe, lilikutana alasiri, watu wakitoka shamba. Kitabu chao cha kujifunzia kilikuwa kimechakaa hadi wanakijua kwa moyo, wanakisoma hata kikiwa kimefungwa. Mwalimu mkuu akaona vitabu vipya vya watoto vitawafaa, maandishi makubwa, sentensi fupi. Nikamwomba atumie vingine, kile cha bibi akiache. Aliitika. Lakini siku vilipogawiwa mimi nilikuwa chumba cha pili nasahihisha madaftari, na aliyevigawa alikuwa kijana wa darasa la saba aliyekuwa anamsaidia, hakujua lolote.

Kuta za shule yetu hazikufika juu. Nilisikia sauti ya mama kabla sijaelewa anasoma nini. Alikuwa anavuta silabi polepole, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. "Bi-bi a-ka-se-ma, cha-ku-e-ni ma-fi-ga ya-ngu." Mwalimu akamsahihisha: "Chukueni." "Chu-ku-e-ni." Nilitoka nikaenda mlangoni. Wanawake wote walikuwa wamemgeukia. Karibu wote walihama siku ile ile, kwa lori lile lile. Mama hakuinua macho. Alifungua ukurasa, akaendelea, kidole chini ya kila neno, hadi bati, hadi bomba, hadi yale maneno ya mwisho. Aliyasoma mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani amekosea.

"Huyu bibi ni nani?" alimuuliza mwalimu.

"Ni hadithi tu, mama."

"Nyie mmeyajulia wapi haya mafiga?"

Mwalimu mkuu akanitazama. Mama akageuka akanikuta mlangoni.

Nyumbani nilimweleza yote. Nilimweleza juu ya mhadhiri na jopo, jinsi nilivyoomba karatasi zangu nikanyimwa. Alikuwa anapepeta mpunga, hakuacha. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Wewe uliwaambia ukweli."

"Ndiyo, mama."

"Na wao wakaugeuza."

"Ndiyo."

"Sasa hicho kitabu kinasomwa wapi?"

"Shule nyingi."

"Mimi nimehangaika na herufi misimu mitatu," alisema, "macho yananiuma, mgongo unauma, wenzangu wanapumzika mimi nashika chaki. Kumbe nilikuwa najifunza ili nije nisome uongo juu ya mama yangu."

Hakurudi tena kisomoni. Siku zile kutokwenda kisomo lilikuwa kosa, na balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kwa sauti ya ukali kidogo. Mama alimpa kiti, akampa maji, akamwambia macho yake yameharibika hayaoni maandishi. Balozi alimtazama mama akichagua vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, asikose hata kimoja. Akaaga akaondoka. Nadhani alielewa, maana hata mkewe alihamishwa kwa lori lile.

Wageni wa chuo kikuu walikuja mwisho wa muhula, kwa gari lao, kuona jinsi vitabu vinavyofanya kazi. Walikuwa yule mhadhiri, yule mama mkutubi, na afisa elimu wa kuwasindikiza. Watoto wakasimamishwa wakasoma. Walisoma bila kukwama na wageni wakapiga makofi. Mkutubi alisema wataweka vitabu hivi kwenye kile chumba kipya, rafu ya mbele, na picha ya watoto wetu ukutani. Walipokuwa wanakunywa chai nilimsogelea mhadhiri.

"Mwalimu, hongera," aliniambia. "Hadithi yako inasomwa mbali sasa."

"Ile si hadithi yangu. Naomba ukurasa wa mwisho ubadilishwe, au kitabu kiondolewe."

"Kimeshachapishwa, ndugu yangu. Unajua gharama za uchapaji?"

"Bibi mwenyewe yuko hapa. Nyumba yake mpya haiko mbali, ni nyuma ya yale mahindi. Njoo nikuonyeshe."

Alielewa. Niliona alivyoelewa. Aliangalia yale mahindi, akaangalia kikombe chake. Mkutubi alikuwa amesikia pia, akavua miwani akawa anaifuta kwa pindo la gauni. Kwa muda nilidhani watakuja. Halafu dereva akasema kama wanataka kuvuka pori kabla giza halijaingia ni lazima waondoke sasa hivi, na mhadhiri akashika maneno ya dereva kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Safari nyingine, mwalimu," alisema.

Afisa elimu alibaki nyuma hatua chache. Aliniambia nisiwe nawasumbua wageni, wamesafiri mbali kwa ajili yetu. Barua ya uhamisho niliipata kabla shule haijafunguliwa. Nilipelekwa shule iliyo upande wa pili wa Mpanda, ambako hapakuwa na kitabu kipya hata kimoja, wala mtu wa kunikumbusha lolote.

Nilikuwa narudi kwa mama wakati wa likizo. Tulilima pamoja, tulipika pamoja, hatukugombana. Lakini zamani, jioni, mama alikuwa na tabia ya kunisimulia habari za kule tulikotoka. Nani alioa nani, mto ulivyofurika mwaka gani, bibi alivyomtania babu. Habari hizo zilikoma. Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Siku moja nikamuuliza wimbo ambao bibi aliuimba kwa Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, akipandikiza mpunga, nilikuwa nakumbuka mwanzo wake tu, nikataka anipe uliobaki.

Mama aliendelea kumenya viazi.

"Kaulize kitabuni kwenu," alisema.

Hakusema kwa hasira. Akanipa kisu cha pili ili nimsaidie, tukamenya hadi viazi vikaisha. Wimbo ule hadi leo nina mwanzo wake tu.